Orodha ya Maskini Haielezi Umaskini

Mahali pengi, jitihada za kupambana na umaskini huanza na orodha. Maofisa hufika, viongozi wa eneo huitwa, majina ya kaya zinazoaminika kuwa maskini huandikwa, idadi hujumlishwa, na karatasi hubebwa kwenda kusubiri fedha, chakula au vifaa vya kugawa. Baada ya miaka michache mradi hufungwa, mwingine huja, na orodha mpya huandikwa. Anayeziweka orodha mbili za namna hiyo pamoja na kuzisoma huona jambo linalopaswa kuwasumbua wote wanaohusika: majina mengi yamebadilika, na sababu haikuandikwa popote. Hakuna anayeweza kueleza waliotoka walitokaje, wala walioingia waliingiaje.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba jamii haiwezi kuukabili umaskini wa eneo lake kabla ya kuzijua njia ambazo watu wake huuingilia na kuutokea, na kwamba maarifa hayo tayari wanayo wakazi wenyewe, ila hayajakusanywa, hayajapangwa, na mara nyingi hakuna aliyewauliza. Kazi ya mtu anayetaka kuisaidia jamii, awe ofisa ustawi wa jamii, mwalimu, kiongozi wa dini au mtafiti, ni kuyaweka maarifa hayo mbele ya wote, kisha kuendelea kuwepo wakati wa kuamua la kufanya, kwa sababu hapo ndipo wengi wa wasaidizi huaga na kuondoka.

Ushahidi ulionishawishi kuliko mwingine unatoka magharibi mwa Kenya. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, mtafiti Anirudh Krishna na wenzake walifuatilia kaya 1,706 katika vijiji 20, wakilinganisha hali yao ya wakati huo na ya miaka 25 iliyotangulia. Walikuta kwamba asilimia 19 ya kaya zilikuwa zimejinasua kutoka kwenye umaskini. Katika kipindi hicho hicho, asilimia nyingine 19 zilikuwa zimetumbukia humo. Mtu ambaye angehesabu maskini mwanzoni na mwishoni tu angeandika kwamba hali haikubadilika, ilhali karibu kaya mbili katika kila tano zilikuwa zimehama kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Zaidi ya hapo, sababu za kuporomoka hazikuwa kinyume cha sababu za kuinuka. Walioporomoka walisukumwa hasa na maradhi, gharama za matibabu na gharama za mazishi. Walioinuka walikuwa wamepata vyanzo vingine vya kipato nje ya shamba walilozoea, au ajira ya mmoja wa familia, au mazao na mifugo ya kuuza.

Utaratibu uliotumika unastahili kuelezwa, kwa sababu hauhitaji kompyuta wala shahada ya takwimu. Wakazi, wanawake kwa wanaume, wazee kwa vijana, hukusanyika na kuulizwa: kaya iliyo katika dhiki kabisa ikipata fedha kidogo, hufanya nini kwanza? Jibu la kwanza karibu kila mahali ni chakula. Zikiongezeka, hufanya nini? Huenda watataja kumpeleka mtoto shule, kununua nguo za kuonekana mbele za watu, kuziba paa linalovuja, kupunguza deni. Mpangilio huo wa hatua ukishakamilika, wao wenyewe huamua ni katika hatua gani kaya huacha kuitwa maskini. Kisha hupitia kaya moja baada ya nyingine, wakitaja iko hatua gani leo na ilikuwa hatua gani robo karne iliyopita, na ili kumbukumbu zisichanganyike huegemea tukio ambalo kila mtu mzima analikumbuka. Utaratibu huu ulipotumika nchini India, tukio hilo lilikuwa kipindi cha hali ya hatari kilichotangazwa mwaka 1975. Kaya hugawanyika katika makundi manne: zilizobaki katika umaskini, zilizotoka, zilizoingia, na ambazo hazikuwamo tangu mwanzo. Ndipo linapokuja swali ambalo orodha za kawaida hazina hata safu yake: kwa nini? Majibu ya mkutano huenda kuhakikiwa nyumbani kwa kaya yenyewe, kwa faragha, kwa kuwa yapo mambo ambayo jirani hayajui au hapendi kuyasema.

Tofauti inayoletwa na swali hilo inaonekana vizuri tukichukulia mfano wa kaya ya mshonaji mwenye cherehani moja. Mwenzi wake anapatwa na maradhi yanayohitaji upasuaji. Akiba inaishia kwenye vipimo na nauli, wanakopa kwa jirani, kisha kwa mkopeshaji wa riba, na hatimaye cherehani inauzwa kwa bei ya kutupa, kwa kuwa mnunuzi anajua kwamba muuzaji hana muda wa kusubiri. Mgonjwa anapona. Miezi kadhaa baadaye anapita mwandikishaji na kujaza fomu: kipato, hakuna, mali ya uzalishaji, hakuna, ujuzi, ushonaji. Atakayeisoma fomu hiyo ofisini atapendekeza mafunzo ya ujasiriamali. Lakini mtu huyu anaijua kazi yake kuliko mkufunzi atakayeletwa kumfundisha. Alichokosa ni njia ya kulipia matibabu bila kuuza kifaa kinachomlisha, na jirani zake wote wanalijua hilo. Pengine baadhi yao waliibeba cherehani hiyo hadi kwa mnunuzi. Kaya moja ikisimulia kisa hicho, watu husema ni mkosi. Kaya nyingi za eneo moja zikisimulia kisa kilekile, mkutano wote unaelewa kwamba tatizo ni gharama za tiba, na mjadala unageuka kuhusu kituo cha afya, bima na mfuko wa dharura, mambo ambayo hayakuwa kwenye ajenda asubuhi.

Ninalisisitiza hili kwa sababu sehemu kubwa ya fedha na maneno yetu huelekezwa kwenye kuinua, na sehemu ndogo sana kwenye kuzuia. Mradi wa kuinua una kitu cha kukabidhi mbele ya wageni: mbuzi, mtaji, vyeti vya kuhitimu. Kaya iliyougua mwaka jana na haikuuza chochote kwa kuwa matibabu yalilipiwa haina sherehe, haionekani katika ripoti, na hakuna anayejua kwamba ilinusurika. Hata hivyo, kama hesabu ya vijiji vile 20 inatufundisha lolote, basi eneo linaloweza kuwanasua watu wengi kila mwaka linaweza kubaki palepale kwa miaka 25 likiwa haliwazuii wengine kutumbukia.

Swali la sababu lina historia ndefu, na mwanzoni liliulizwa mahali ambapo wenye uwezo walidhani tayari wanalo jibu. Mwaka 1899 Seebohm Rowntree, mtoto wa familia iliyomiliki kiwanda cha chokoleti katika mji wa York, Uingereza, aliagiza nyumba za wafanyakazi wa mji huo zitembelewe moja baada ya nyingine. Taarifa zilikusanywa kuhusu familia 11,560 zenye watu 46,754. Alipochapisha matokeo mwaka 1901 ilionekana kwamba zaidi ya robo ya wakazi wote wa York, asilimia 27.84, waliishi katika umaskini. Kilichowashtua wasomaji wake zaidi kilikuwa sababu. Katika enzi ambayo umaskini ulielezwa kwa uvivu, ulevi na kukosa nidhamu, Rowntree alionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wale ambao kipato chao hakikutosha hata kuutunza mwili walikuwa katika kaya ambazo mlezi alikuwa na kazi ya kudumu, ila mshahara haukutosha. Walikuwa wakifanya kazi kila siku na bado walikuwa maskini. Alionyesha pia kwamba maisha ya kibarua wa kawaida yalipitia vipindi vitatu vya dhiki: utotoni, wakati wa kulea watoto wake mwenyewe, na uzeeni. Kwa hiyo mtu asiyekuwemo katika orodha leo alikuwamo alipokuwa na umri wa miaka minane, na huenda akarudi atakapofikisha sabini. Orodha huwapiga watu picha siku moja tu, na siku hiyo huchaguliwa na ratiba ya mradi.

Sisemi kwamba vipimo vya kitaifa na kimataifa havina maana. Mstari wa umaskini uliokithiri wa Benki ya Dunia, uliopandishwa kutoka dola 2.15 hadi dola 3.00 kwa mtu kwa siku mnamo Juni 2025, unasaidia kulinganisha nchi na nchi. Kipimo cha umaskini wa nyanja nyingi, kilichoanza kutolewa mwaka 2010 na Chuo Kikuu cha Oxford pamoja na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, kinaangalia afya, elimu na hali ya maisha kwa viashiria 10, na kimewasaidia wapanga sera kuona kwamba fedha si kila kitu. Lakini mkazi wa mtaa hawezi kuamua lolote kwa kuambiwa kwamba nchi yake imeshuka pointi kadhaa. Anahitaji kujua kwa nini familia za upande wa mtoni huondoa watoto shuleni katika mwezi fulani, na jibu la swali la aina hiyo hutoka kwa wale waliowaondoa.

Tatizo gumu zaidi ni nani anayesema katika mkutano. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mikutano mingi inayohusu umaskini huendeshwa na kutawaliwa na watu ambao hawajakilalia. Mwenye duka husema, kiongozi husema, mwalimu husema. Mama anayefua nguo za watu ili alipe kodi ya chumba hana nafasi ya kuja saa nne asubuhi, na akija hukaa nyuma. Kwa hiyo baadhi ya wasomi hupendekeza tuachane na mikutano, tutumie fomu za mali zinazokokotolewa na kompyuta. Jambo hili limejaribiwa kwa makini nchini Indonesia, katika vijiji na mitaa 640, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2012. Kompyuta iliwatambua kwa usahihi zaidi kidogo wale walio chini ya mstari wa matumizi ya dola mbili kwa siku. Wakazi, kwa upande mwingine, waliridhika zaidi na uteuzi uliofanywa mkutanoni. Watafiti walitafuta ushahidi kwamba wakubwa wa kijiji walikuwa wamejipendelea, wakaona kwamba upendeleo hauelezi tofauti hiyo. Walichokiona ni kwamba wakazi walikuwa na maana nyingine ya umaskini, iliyozingatia mambo ambayo hesabu ya matumizi haiyaoni.

Kuna jambo dogo katika utafiti huo ambalo kila anayeendesha mikutano ya namna hii angepaswa kulikariri. Kaya zilizojadiliwa mwanzoni mwa mkutano zilipangwa kwa usahihi kuliko zilizojadiliwa mwishoni. Watu walikuwa wamechoka. Mkutano mrefu unaopanga kaya zote kwa mkupuo mmoja huwadhulumu walio mwishoni mwa foleni, na dawa yake haina gharama: vikao viwe vifupi, viwe vingi, na mpangilio wa majina ubadilishwe. Ningeongeza kwamba wanawake wakae kwanza peke yao, na wapangaji wakae peke yao, kabla ya kukutana na wenye nyumba, kwa sababu mtu hawezi kueleza kinachomdidimiza mbele ya yule anayemdai.

Tena, mtu maskini akipewa nafasi ya kusema, husema mambo ambayo si ya kipato. Mwaka 2019 vuguvugu la kupambana na umaskini la ATD Dunia ya Nne, lililoanzishwa na padri Joseph Wresinski katika kambi ya watu wasio na makazi nje ya Paris mwaka 1957, lilitoa pamoja na Chuo Kikuu cha Oxford matokeo ya utafiti uliofanyika Bangladesh, Bolivia, Marekani, Tanzania, Ufaransa na Uingereza. Watu wanaoishi katika umaskini walishiriki kama watafiti kamili, sambamba na wasomi na watoa huduma. Katika nchi zote sita, tajiri na maskini, walikubaliana kwamba mbali na kukosa kazi yenye staha, kipato na mahitaji, umaskini ni pamoja na kudharauliwa na jamii, kutendewa vibaya na taasisi zilizowekwa kuwahudumia, na kuona michango yao haithaminiwi. Ofisi inayomfokea mtu dirishani, ikamwambia arudi kesho na kesho kutwa, ni sehemu ya umaskini wake, kwani siku aliyoipoteza kwenye foleni ilikuwa siku ya kibarua. Hili jamii inaweza kulirekebisha bila kusubiri mfadhili yeyote, na nadhani lingekuwa la kwanza kutajwa kama waliolionja ndio wangeulizwa kwanza.

Jamii ikishaelewa, ijibu vipi? Hapa ndipo ninapoona hatari kubwa kuliko zote. Yapo mambo ambayo wakazi wanaweza kuyafanya kwa mikono yao. Vikundi vya kuweka na kukopa vya aina iliyoanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, ambapo wanachama huchanga wenyewe, hukopeshana wenyewe na kugawana mwisho wa mzunguko, vimeenea katika nchi nyingi kwa sababu vinafanya kazi mahali ambapo benki haifiki. Kikundi kama hicho kikiwa na mfuko wa jamii uliotengwa kwa ajili ya maradhi, kingeweza kumpa mshonaji wa mfano wetu wiki kadhaa za kupumua. Hata hivyo kikundi hakiwezi kujenga wodi ya upasuaji, hakiwezi kupanga mishahara ya viwandani, wala hakiwezi kutunga sheria ya ardhi. Kila ninaposikia kwamba jamii ijitegemee katika kupambana na umaskini, huwa nauliza ni umaskini wa sababu gani. Ikiwa sababu ni mshahara usiotosha, kama ilivyokuwa York, kuwaita wafanyakazi kwenye semina ya kuweka akiba ni kuwatwisha mzigo wa mtu mwingine. Jamii iliyofanya uchambuzi wake vizuri hutoka na mafungu mawili: yale itakayoyafanya yenyewe, na yale itakayoyadai kwa viongozi wake ikiwa na ushahidi mkononi. Fungu la pili likikosekana, ushirikishwaji unakuwa njia ya serikali kukwepa wajibu wake, na wakazi huligundua hilo upesi, wakaacha kuja.

Vikundi vina upungufu mwingine: aliye fukara kabisa hajiungi, kwa kuwa hana cha kuchanga. Kwa watu hao shirika la BRAC la Bangladesh lilianza mwaka 2002 mpango unaounganisha mali ya uzalishaji, posho ya kujikimu kwa muda, mafunzo, akiba na kutembelewa mara kwa mara nyumbani. Mpango wa namna hiyo ulipopimwa katika nchi sita, zikiwemo Ethiopia na Ghana, kwa washiriki zaidi ya 10,000, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba matumizi na mali za kaya zilizosaidiwa vilikuwa bado juu mwaka mmoja baada ya msaada kwisha. Kinachofaa kuzingatiwa ni kwamba vitu hivyo vilitolewa kwa pamoja. Mbuzi peke yake huchinjwa au kuuzwa siku ya njaa, na aliyemtoa hulalamika kwamba maskini hawana malengo.

Jimbo la Kerala, India, limekwenda mbali zaidi katika kuunganisha uelewa na hatua. Lilitambua kaya 64,006 zilizo katika ufukara uliokithiri, kupitia halmashauri za vijiji na miji na mtandao wake mkubwa wa vikundi vya wanawake, kisha kila kaya ikaandaliwa mpango wake. Kaya moja ilihitaji nyumba. Nyingine dawa za kila mwezi. Nyingine haikuwa na hata kitambulisho, hivyo haikuwahi kuhesabiwa katika huduma yoyote. Tarehe 1 Novemba 2025 serikali ya jimbo ilitangaza kwamba ufukara uliokithiri umekwisha. Baadhi ya wachumi walihoji vigezo vilivyotumika, na walikuwa na haki ya kuhoji, kwa sababu tangazo la aina hiyo linaweza kuwafungia mlango wale ambao hawakuonekana. Hata hivyo mpango wa kaya moja moja unabaki kuwa somo lenye thamani. Unakiri kwamba kaya mbili zilizo katika mstari mmoja wa orodha zinaweza kuwa zimefika hapo kwa njia tofauti, na kwa hiyo hazitibiwi kwa dawa moja.

Kinachobaki ni suala la nani anaitunza taarifa. Katika tafiti nyingi karatasi huondoka na gari lililozileta. Wakazi waliotumia siku nzima kuchora ramani ya eneo lao ardhini, wakaonyesha kwa kokoto nyumba za wajane na kwa majani mahali maji yanapokatika, huiona ramani hiyo ikipigwa picha na kufutwa na miguu ya watu wanaotawanyika. Ramani ilipaswa kunakiliwa kwenye karatasi kubwa na kubaki. Daftari la sababu lilipaswa kubaki pia, likiwa na muhtasari usiotaja majina kwa ajili ya kikao cha wote, na maelezo ya kaya yakitunzwa na watu wachache waliochaguliwa na wakazi na kuaminiwa kunyamaza, kwani siri ya maradhi au deni ikivuja, hakuna atakayesema ukweli katika duru ijayo. Vikao virudiwe angalau mara moja kwa mwaka, na agenda ya kwanza iwe kaya zilizoporomoka tangu kikao kilichopita, moja baada ya nyingine, pamoja na kilichoziporomosha. Maradhi na madeni yasisubiri mwaka uishe. Mwenye daftari ayaripoti mwezi huohuo, wakati kaya bado ina kitu ambacho haijakiuza.